Pisine (bwawa la kuogelea) inashuka karibu sentimita 2 kwa siku na hakuna palipolowa: nianzie wapi kabla ya kuvunja?

Parsele_Himbi ameuliza:

Jambo ndugu zangu. Naomba msaada wa wanaoelewa pisine. Yangu iko kwenye parsele (kiwanja) ya nyumba ya wageni hapa Himbi, Goma: mita 8 kwa 4, kina mita 1.10 upande wa ngazi na 1.80 upande wa pili. Ni ya betoni yenye karo (vigae). Ina skima moja (mdomo wa ukutani unaovuta maji ya juu), midomo miwili ya kurudisha maji, taa moja ukutani na bonde ya chini (tundu la sakafuni la kuvutia maji). Filta ni ya mchanga yenye vane (valvu) ya njia sita, pompi ni ya nguvu farasi 3/4, na tiyo (mabomba) zote ni PVC ya milimita 50 zilizofukiwa chini ya terasi.

Maji yanashuka karibu sentimita 2 kila siku, hata siku ambayo hakuna aliyeogelea. Nimezunguka parsele yote: hakuna dimbwi, hakuna majani yaliyostawi kuliko mengine, na chumba cha pompi ni kikavu. Sakafuni, upande wa kina kirefu, kuna ufa mwembamba ulioonekana baada ya mitetemeko ya 2021. Fundi mmoja anasema ni huo ufa, tutoe maji yote tubandue karo. Mwingine anasema ni tiyo, tuvunje terasi. Kazi zote mbili ni za gharama na sitaki kuvunja kwa kubahatisha. Klorini nayo haidumu kwa sababu kila siku tunaongeza maji mapya. Nianzie wapi?

FundiVane amejibu:

Kwanza usivunje kitu. Hapa Goma kutafuta unyevu ardhini hakukusaidii. Chini ya terasi yako ni mawe ya volkano, yamejaa nyufa na matundu. Lita mia tano kwa siku zinazama humo na juu hupati hata doa. Kwenye udongo mzito maji yanayovuja hujitokeza mahali fulani. Kwetu yanakwenda chini moja kwa moja. Kwa hiyo lazima upime, na kipimo cha kwanza hakina gharama.

Pisine yako ina mita za mraba 32, maana yake kila milimita inayoshuka ni lita 32. Sentimita 2 ni lita 640. Lakini sehemu ya hayo ni jua na upepo. Ili ujue ni kiasi gani, chukua ndoo ya lita 20, ijaze maji ya pisine yenyewe, weka jiwe ndani isielee, iweke kwenye ngazi ya pili ili ukuta wake uzungukwe na maji. Maji ya ndani ya ndoo yawe usawa mmoja na ya nje. Ndoo ikikaa nje kwenye terasi itapata joto tofauti na jibu litakuwa la uongo. Weka alama mbili kwa bande ya gundi, moja ndani na moja nje ya ndoo, kisha usome kwa rula ya milimita baada ya saa 24. Ndoo na pisine hupoteza sawa kwa jua na upepo. Tofauti kati yao ndiyo inayovuja.

Fanya mara mbili: saa 24 pompi ikizunguka bila kusimama, halafu saa 24 pompi ikiwa imezimwa. Funga robine ya kuongeza maji, asiogelee mtu, usioshe filta. Umeme ukikatika katikati ya kipimo cha pompi, tupa hayo matokeo uanze upya, au tumia saa 12 za usiku pande zote mbili. Mvua kubwa nayo inaharibu, kwa sababu maji ya terasi humiminika ndani ya pisine lakini hayaingii kwenye ndoo.

Kusoma matokeo ni hivi. Ikipoteza zaidi pompi ikiwa inafanya kazi, shaka iko upande wa presha, yaani tiyo kutoka filta hadi midomo ya kurudisha. Ikipoteza zaidi pompi ikiwa imezimwa, shaka iko upande wa kuvuta: pompi inapovuta, presha ndani ya tiyo hupungua, tobo linaacha kumwaga na mara nyingi linaingiza hewa. Hapo utaona mapovu kwenye kifuniko cha pompi na kwenye midomo. Ikipoteza sawasawa, tazama beseni lenyewe: ukuta, skima, taa, bonde.

MamaPisine amejibu:

Ndugu, kabla hata ya ndoo, angalia tiyo ya kutolea maji machafu, ile inayotoka kwenye vane ya njia sita. Parsele nyingi za hapa hiyo tiyo imeingizwa moja kwa moja kwenye shimo lililochimbwa katika mawe, mwisho wake hauonekani. Ndani ya vane kuna jointi ya mpira yenye umbo la nyota. Ikichakaa, ikitoka kwenye mfereji wake, au chembe moja ya mchanga ikikwama juu yake, maji yanapita kwenda shimoni hata kama mkono umeuweka kwenye "filta". Unaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku na chumba kikabaki kikavu kabisa.

Fungua rakori (kiungo cha kufungulika) ya tiyo hiyo karibu na vane; kama haina rakori, ikate sentimita 20 kutoka kwenye vane, utairudisha kwa manshoni (kipande cha kuungia tiyo mbili). Weka bakuli chini, washa pompi kwenye "filta" kwa nusu saa. Panapaswa kuwa pakavu. Hata uzi mwembamba wa maji ni shida: glasi moja kwa dakika, yaani robo lita, ni lita 360 kwa siku. Jointi inabadilishwa kwa kufungua skrubu za kifuniko. Piga alama kwenye kifuniko na kwenye mwili wa vane kabla ya kufungua ili virudi vilivyokuwa. Na mfundishe anayeosha filta asizungushe mkono wa vane pompi ikiwa inafanya kazi, maana hapo ndipo jointi hung'oka.

Lingine. Kama mnatumia vidonge vya klorini ya trikloro, pima asidi ya sianuriki. Kila kidonge huacha hiyo asidi majini, nayo haiendi na jua; inatoka na maji tu. Pisine inayotumia vidonge kwa miezi mingi halafu kipimo bado kiko chini sana, maji yake yanabadilishwa bila wewe kujua. Ndiyo pia sababu klorini yako haidumu: asidi hiyo ndiyo inayoikinga klorini na jua, maji mapya hayana, na jua la hapa linaimaliza klorini haraka.

Bukavu_Maji amejibu:

Naongeza onyo moja juu ya huyo fundi anayetaka kutoa maji yote. Pisine iliyojaa inasukuma nje. Ikiwa tupu, ni ardhi inayosukuma ndani. Huku kwetu Bukavu, kwenye miteremko ya udongo mzito, maji hukaa ardhini baada ya mvua, na beseni tupu linaweza kuinuliwa au kupasuka sakafu. Mawe ya Goma yanapitisha maji vizuri zaidi, lakini kama parsele yako ya Himbi iko chini karibu na ziwa, usichukulie kwamba hakuna maji chini yake. Tena karo zilizozoea kuwa majini, zikikaa kavu juani siku kadhaa, zinaanza kuachia.

Kama kipimo cha ndoo kitaonyesha kwamba ni beseni, kuna njia ya polepole isiyo na hatari. Zima pompi, funga vane zote, acha maji yashuke yenyewe na uweke alama kila asubuhi. Yakisimama kwenye mdomo wa skima, shida ni skima au tiyo yake. Yakisimama usawa wa midomo ya kurudisha, ni hapo. Yakisimama kwenye taa, ni taa. Yakipita vyote yaendelee kushuka, imebaki sakafu, sehemu ya chini ya ukuta, au bonde. Usiwashe pompi maji yakiwa chini ya skima huku vane ya skima iko wazi: itavuta hewa, na pompi ikizunguka kavu jointi yake ya mhimili inaungua.

Parsele_Himbi ameandika:

Aksanti sana kwenu wote. Nimefanya mlivyosema. Tiyo ya maji machafu ni kavu kabisa, hata tone. Matokeo ya ndoo, kila mara saa 24, umeme haukukatika: pompi ikifanya kazi, pisine imeshuka milimita 21 na ndoo 4. Pompi ikizimwa, pisine 9 na ndoo 4. Manometa (kipimo cha presha) ya filta inasoma bar 0.8. Hakuna mapovu kwenye kifuniko cha pompi.

Sasa naona kama kuna matobo mawili: moja kwenye tiyo ya kurudisha, lingine ni ule ufa unaovuja hata pompi ikilala. Ni hivyo?

FundiVane amejibu:

Inawezekana, lakini usikimbilie matobo mawili. Ondoa ya ndoo: unavuja milimita 17 pompi ikiwashwa (lita 544) na milimita 5 ikizimwa (lita 160). Tiyo ya kurudisha bado ina maji ndani yake pompi ikizimwa, na uzito wa maji ya pisine bado unaisukuma. Tobo moja linavuja saa zote, ila linavuja kidogo presha ikiwa ndogo.

Na hesabu inakubaliana. Maji yanayopita kwenye tobo hayaongezeki sawa na presha. Yanafuata kipeuo cha pili cha presha. Presha ikizidi mara 9, maji yanazidi mara 3. Kwako yamezidi mara 3.4, kwa hiyo presha imezidi kama mara 11 au 12. Midomo ya kurudisha kwa kawaida iko sentimita 30 hadi 40 chini ya uso wa maji. Tobo likiwa kwenye kina hicho, pompi ikizimwa linasukumwa na bar 0.04 hivi. Zidisha kwa 11.6 upate bar 0.46. Hiyo ndiyo presha unayotegemea baada ya filta kama manometa ya kabla ya mchanga inasoma 0.8. Kwa hiyo tobo moja upande wa kurudisha linatosha kueleza namba zote mbili. Haithibitishi, lakini inakuambia pa kuanzia.

Uthibitisho ni kuipima tiyo kwa presha, ikiwa peke yake. Zima pompi na dijonkteri yake (swichi kuu ya umeme wake). Kama chumba cha pompi kiko chini ya usawa wa maji, funga vane zote kwanza, la sivyo kitajaa. Toa yale macho ya plastiki kwenye midomo miwili. Ndani kuna nyuzi za skrubu, mara nyingi za inchi 1½. Ziba kwa kizibo cha nyuzi chenye tefloni ya kutosha. Upande wa chumba, fungua rakori baada ya filta, funga kipande chenye manometa na robine ndogo. Filta isiwe ndani ya kipimo, kwa sababu vane inaweza kupitisha kidogo ukalaumu tiyo bure.

Jaza maji polepole huku kizibo cha mdomo wa mbali kikiwa kimelegezwa, mpaka mapovu yaishe. Hatua hii watu wanairuka, halafu presha inashuka taratibu kwa sababu ya hewa iliyobaki na wao wanadhani ni tobo. Kaza, pandisha hadi bar 1.5, funga robine, ngoja dakika 30. Presha ya bomba la mtaani haifiki? Pompi ya mgongoni ya kunyunyizia dawa shambani, iliyooshwa vizuri sana, inafikisha hapo bila shida. Usitumie kompresa ya hewa. Maji hayabanwi, hewa inabanwa. Kizibo kikichomoka kwenye hewa kinaruka kama risasi na kinaweza kumtoa mtu jicho.

Sindano ikisimama palepale, tiyo ni nzima. Ikishuka, kabla ya kulaumu tiyo hakikisha vizibo havipitishi: dondosha rangi karibu na kila kizibo majini uone kama inasukumwa mbali. Rudia kipimo hicho kwa tiyo ya skima na ya bonde, moja moja, ili usibaki na mashaka.

Karo_na_Betoni amejibu:

Wakati FundiVane anashughulikia tiyo, mimi nitasema juu ya ufa, maana kila mtu aliyeona ufa baada ya 2021 anaamini ndipo maji yanapotokea. Ufa wa karo si lazima uwe ufa wa betoni. Pengine ni jointi ya karo tu iliyofunguka na betoni ya chini yake ni nzima.

Uulize ufa wenyewe kwa rangi. Nunua sirinji ya mililita 10 duka la dawa, bila sindano, na rangi nyekundu ya chakula. Zima pompi, ngoja maji yatulie nusu saa au zaidi, fanya asubuhi kabla ya upepo wa ziwa. Shuka polepole bila kutibua. Weka ncha ya sirinji sentimita moja kutoka kwenye ufa na usukume kidogo sana, kama tone moja au mawili. Ufa usiovuja, rangi inakaa hapo inatanuka kama wingu. Ufa unaovuja, rangi inanyooka kuwa uzi na uzi unaingia ndani. Ukishauona mara moja huwezi kuuchanganya na kitu kingine. Jaribu kila sentimita 20, kwa sababu ufa wa mita mbili unaweza kupitisha maji sehemu moja tu.

Ukiwa na rangi mkononi, pita pia mahali pengine ambapo huvuja mara nyingi kuliko sakafu. Skima: plastiki na betoni havivutiki sawa, na pale vinapokutana, ndani ya koo la skima, hufunguka. Taa: kata umeme wake kwenye dijonkteri kwanza, halafu toa taa kwenye kikombe chake uweke rangi pale waya unapoingia kwenye tiyo yake. Kama sanduku la kuungia waya liko chini ya usawa wa maji, hiyo tiyo ya waya ni mfereji ulio wazi. Skima na mdomo wa tiyo ya waya vyote vinazibwa chini ya maji kwa epoksi ya kukanda ya sehemu mbili. Kanda mpaka rangi iwe moja, sugua mahali pawe safi, bandika ukisukuma, usiguse mpaka kesho.

Rangi ikiingia kwenye ufa kweli, bado kuna swali moja kabla ya kuziba: je, ufa unatembea? Maji yakishashushwa au ukipata mwendelezo wake juu ya usawa wa maji, bandika kipande chembamba cha kioo kukatiza ufa, kila upande kikishikwa na epoksi. Kioo kikivunjika baada ya wiki kadhaa, pande mbili zinaachana bado. Ufa uliotulia unafunguliwa kwa umbo la V, upana sentimita 2 na kina 2 au 3, unasafishwa, unaloweshwa, unajazwa sima (saruji) ya kukauka haraka. Inashika ndani ya dakika chache, kwa hiyo changanya kiasi cha konzi moja kila mara. Ufa unaotembea ukijazwa sima utafunguka tena pembeni ya sima. Huo unahitaji poliuretani, yenye kuvutika.

Parsele_Himbi ameandika:

Mzee Karo, rangi kwenye ufa inakaa kama wingu kila mahali, haiingii. Skima na taa vilevile. Tiyo ya skima na ya bonde zimeshika bar 1.5 dakika 30 bila kusogea. Tiyo ya kurudisha imeshuka kutoka 1.5 hadi 0.2 ndani ya dakika 6, na vizibo havipitishi. Kwa hiyo ni hiyo. Sasa terasi ina mita 11 kati ya chumba cha pompi na mdomo wa mbali. Nitajuaje mahali hasa?

FundiVane amejibu:

Vizuri, sasa ufa wa sakafu uache ulivyo.

Uliza kwanza aliyejenga, au tazama chumbani: midomo miwili ina tiyo moja inayogawanyika, au kila mmoja una yake? Kama kila mmoja una yake, pima moja moja. Ukipata mbovu, iwekee kizibo pande zote mbili uendelee na mdomo mmoja kwa muda. Pompi ya 3/4 itavumilia, ila tazama manometa isipande sana.

Kama ni moja inayogawanyika, chimba kwanza nyuma ya ukuta wa kila mdomo, shimo la sentimita 50 kwa 50 tu. Hapo tiyo inatoka kwenye betoni na kuingia kwenye mawe ya kujazia. Beseni ni zito na limekaa imara. Mawe ya kujazia yanashuka na kutikisika kila ardhi inapotetemeka. PVC ngumu iliyoshikwa na betoni upande mmoja inakatika hapohapo, au kwenye kona ya kwanza. Ukiifikia, ijaze tena presha na utaona maji yakitoka au utayasikia. Mahali pa pili ni pale inapogawanyika.

Kama mashimo hayo mawili hayana kitu, ushauri wangu ni uiache tiyo ya zamani. Usivunje mita 11 za terasi juu ya mawe ya volkano: nyundo ya umeme karibu na beseni itakufungulia nyufa mpya. Pitisha tiyo mpya pembezoni mwa terasi, au nyuma ya ukingo, hadi kwenye mashimo uliyokwisha kuchimba, uiunganishe hapo.

Mtaro uwe na mchanga laini sentimita 10 chini ya tiyo na 10 juu yake. Ncha ya jiwe la volkano ikigusa PVC, mtetemo wa pompi pekee unatosha kuisaga mpaka itoboke. Sentimita 50 za mwisho kabla ya ukuta tumia PVC ya kupindika ya presha ili tetemeko lisivute jointi. Unapogundisha: kata kwa msumeno ulionyooka, ondoa vinyweleo vya plastiki ndani na nje, futa kwa dawa ya kusafishia PVC, paka kola (gundi ya PVC) pande zote mbili, sukuma mpaka mwisho bila kuzungusha, shika kidogo. Ngoja saa 24 kabla ya presha.

Na usimruhusu mtu kufukia kabla hujapandisha bar 1.5 tena na kuiona sindano ikisimama nusu saa mbele ya macho yako. Fundi atakuwa na haraka ya kurudisha karo. Mwambie angoje.

MamaPisine amejibu:

Na baada ya kufukia, rudia ndoo mara moja pompi ikiwa inazunguka. Pisine ikishuka milimita 4 na ndoo 4, mlipe fundi sehemu iliyobaki.